Binti Sultani wa Vitambaa Vikuukuu

Mwanasesere wa Binti Sultani, yule wa hadithi za pwani, hahitaji kitambaa kipya. Mwili unatoka kwenye shuka ya pamba, gauni na ushungi kwenye kanga ya kisutu, nywele kwenye sweta jeusi. Kazi ni kuchagua, maana nguo haichakai sawasawa. Shuka huisha katikati, pale mtu anapolala, kwa hiyo kata pembeni. Inyanyue kwenye mwanga wa dirisha, kisha ivute kwa vidole gumba viwili. Panapoanza kuachia, papeleke kwenye mabaki. Tisheti haifai kwa mwili: ukiijaza inavutika, tumbo linavimba.

Kwa kimo cha sentimita 35, kichwa na kiwiliwili viwe kipande kimoja cha urefu wa 20, upana wa kifua 11, wa shingo 6. Mikono 13 kwa 5, miguu 15 kwa 6. Hivyo ni vipimo vya baada ya kushona. Ongeza sentimita 1 kila upande, kwani kitambaa kikuukuu hufumuka haraka. Shona mishono mifupi ya milimita 2. Kabla ya kugeuza, kata vijinafasi kwenye mapindo ya shingo, uishie milimita 2 kabla ya uzi. Usipokata, shingo inakunjamana.

Shingo ndiyo inayowashinda wengi. Sufi ya kujazia hushuka kifuani na kichwa kinalala. Jaza kichwa kwanza, kikaze hasa. Halafu viringisha utepe wa shuka uwe mnene kama kidole gumba, urefu wa sentimita 8, uusukume mpaka nusu iwe kichwani na nusu kifuani, ndipo uzungushie sufi. Kijiti usiweke, siku moja kitatoboa kitambaa na kumchoma mtoto.

Kisutu kinapendeza kwa sababu michoro yake ni midogo. Maua makubwa ya kanga nyingine yakifika kwenye gauni dogo yanakuwa mabaka tu. Ila wekundu wake unaweza kuchuja. Weka kitambaa cheupe kibichi juu yake, piga pasi ya moto. Kisutu kikiacha rangi, kifue tena, rudia hadi kitambaa cheupe kibaki safi.

Uzi wa sweta ukifumuliwa hutoka umejikunjakunja. Usiunyooshe, hizo ndizo nywele zenyewe! Kata nyuzi za sentimita 25, zishone utosini kwa mstari mmoja, kisha suka.

Macho yadarizi katikati ya urefu wa kichwa. Vifungo viache kabisa kama mtoto hajatimiza miaka 3, kwani akiking'oa atakimeza.

Sufi ikilowa hugandamana, hivyo mwanasesere huyu anapanguswa tu. Akiwa wa kufuliwa mara kwa mara, mjaze vipande vya tisheti vya sentimita 1. Atakuwa mzito zaidi, lakini anastahimili maji. Mkaushe juani siku nzima, umgeuze.