Shukrani ya nyumba yenye watoto wadogo: itaje kwa jina

Nyumba yenye watoto wawili watatu chini ya miaka sita haina nafasi ya shukrani ndefu. Uji unaungua, nepi zinangoja kufuliwa, na kuna anayelia kwa sababu kapewa kijiko asichokitaka. Ukimwambia mama huyo aamke alfajiri, akae kimya nusu saa kutafakari mema ya maisha, umemwongezea kazi tu. Anachokiweza ni shukrani fupi inayotaja kitu kimoja na mtu mmoja aliyekifanya, na iambatane na kazi ambayo lazima aifanye kila siku.

Nasisitiza kutaja. "Asante Mungu kwa kila kitu" ni sala njema na ibaki mezani, ila mtoto wa miaka minne hajui "kila kitu" ndiyo nini. Baada ya sala ongeza kitu kimoja anachokiona kwenye sahani.

Hapa Dodoma mlenda unafaa sana kwa hili. Ule mkavu unaopimwa kwa kikombe sokoni ulichumwa wakati wa mvua, ukaanikwa, ukatwangwa, ukatunzwa uliwe kiangazi ambapo mboga mbichi ni adimu na bei iko juu. Kuupika ni dakika chache. Chemsha vikombe viwili vya maji na nyanya moja iliyokatwakatwa, chumvi, na magadi kidogo sana. Magadi yakizidi mboga inakuwa chungu na watoto hawaigusi. Nyunyiza vijiko viwili vya unga wa mlenda polepole huku unakoroga, maana ukiumwaga wote kwa mkupuo unafanya madonge yasiyovunjika. Usifunike sufuria, unapanda na kumwagika. Mwisho weka karanga zilizosagwa, moto mdogo, dakika tano hivi. Mkishakaa, kabla ya tonge la kwanza, mhesabu na mtoto kwa vidole: aliyechuma, aliyeanika, aliyetwanga, aliyeuza, aliyepika. Ni vidole vitano, mkono mzima. Mtoto anayejua kuhesabu hadi tano ameshaelewa kwamba chakula kimepita mikononi mwa watu kabla ya kumfikia. Asipomaliza kula usimkumbushe vidole vile. Vikigeuka fimbo, kesho atakataa kuhesabu.

Nafasi ya pili ni kuoga jioni, na kwangu mimi hii ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu mtoto yuko mahali pamoja na mikono yako ina kazi. Pia ni mahali pa kufundisha maji. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na watu wameongezeka kwa kasi tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa 2016, kwa hiyo mitaa mingi inaishi kwa mgao. Nusu ndoo, yaani lita 10, inatosha watoto wawili wadogo ukitumia beseni na kopo. Tanguliza maji baridi kwenye beseni, ndipo uongeze ya moto, na upime kwa kiwiko. Ukianza na ya moto, mtoto mwepesi anaweza kutumbukiza mkono kabla hujayapooza. Anza na uso, malizia na miguu, na mwenye vumbi zaidi aoge wa mwisho. Lita mbili za kusuuzia ziwe pembeni tangu mwanzo. Maji yaliyobaki yanadekia au yanaenda chooni.

Ukiwa unamwagia, uliza swali moja tu: "Leo nani alikusaidia?" Usiulize "Unashukuru nini leo?", hilo linamshinda hata mtu mzima aliyechoka. Chini ya miaka miwili anayejibu ni wewe: "Leo dada alikubeba ulipoanguka." Wa miaka mitatu atataja jina moja, pengine lile lile wiki nzima. Akifika minne au mitano anaanza kuona kwamba mtu angeweza kuacha na bado akafanya, na hapo unaweza kuongeza "kwa nini alifanya hivyo?" Akisema aliyemsaidia ni paka, pokea jibu. Ukimsahihisha, kesho atakupa jibu unalolitaka wewe, na la kwake atabaki nalo.

Kuna namna kadhaa za kuliharibu jambo hili. Inayoongoza ni kumlazimisha mtoto aseme asante mbele za watu, mkono umeshikwa, mgeni ameinama anasubiri. Mtoto anajifunza kwamba asante ni ushuru wa kupitia. Sema wewe, kwa sauti, kwa niaba yake: "Asante shangazi, umemletea ubuyu." Atakuiga. Na mtoto wa miaka miwili akitupa kikombe ulichompa, hiyo siyo asante ya punda. Bado hawezi kuzuia hasira na mkono kwa wakati mmoja. Namna nyingine ni "kuna wenzako wanalala njaa." Maneno hayo hayaleti shukrani, yanaleta hofu na aibu, na mtoto mdogo hana cha kufanya na hofu hiyo zaidi ya kulia.

Kwa watu wazima wa nyumba hiyo kanuni ni ile ile, ila inahitaji ujasiri zaidi. "Asante kwa yote unayofanya" ukimwambia baba watoto haimpi habari yoyote. "Baba, asante kwa kuamka saa nane usiku ukamtuliza mtoto, nimelala hadi asubuhi" inamwambia kitendo, saa, na faida yake. Mwombe naye akushukuru hivyo hivyo. Si kujipendekeza, ni kujulikana. Ila tusichanganye hisani na haki. Sheria ya ajira inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha, na muda wa kunyonyesha wakati wa kazi usiozidi saa mbili kila siku. Bosi akikupa saa hizo mshukuru kwa adabu kama unavyomshukuru yeyote, lakini usizilipe kwa kubaki ofisini hadi usiku kana kwamba umependelewa.

Dada wa kazi ndiye anayesahaulika zaidi, na kwa mama aliyehamia Dodoma na ofisi akaacha mama yake na mashangazi Dar es Salaam au Mwanza, dada huyu ndiye nguzo ya siku nzima. Shukrani yake ya kwanza ni mshahara tarehe ile ile kila mwezi, siku ya kupumzika inayoheshimiwa, na chakula kile kile mnachokula ninyi. Hayo yakikosekana, maneno matamu yanamuumiza. Yakiwepo, mtaje mbele ya watoto: "Dada ndiye aliyejua kwamba mtoto ana homa kabla yetu." Watoto wamwamkie shikamoo kila asubuhi kama wanavyomwamkia mkubwa mwingine yeyote wa nyumba.

Kuandika kunasaidia, ila mara moja kwa wiki. Wanasaikolojia wa Marekani Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti waliouchapisha 2003, waliona kuwa watu walioandika mambo ya kushukuru kila wiki waliridhika na maisha yao kuliko walioandika kero. Baadaye mwanasaikolojia mwingine, Sonja Lyubomirsky, na wenzake wakaona kuwa mara moja kwa wiki ilileta nafuu na mara tatu haikuleta; inaelekea likizidi linakuwa mazoea. Kwa hiyo chukua daftari la kawaida, Jumapili usiku, mistari mitatu: kitu gani, nani alikifanya, kilimgharimu nini. Usiruke mstari wa tatu. Ukiandika kwamba jirani aliacha foleni yake ya maji ili akushikie mtoto, unaanza kumwona jirani mwenyewe. Wiki ikiwa mbaya andika mstari mmoja ufunge daftari.

Miezi ya Agosti hadi Oktoba, upepo na vumbi vinapozidi na nguo zinarudi chafu kutoka kambani, wengi huona hakuna cha kuandika. Angalia kadi ya kliniki. Mtoto mwenye mwaka mmoja na nusu aliyefuata ratiba ana chanjo za kuzaliwa, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na surua-rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Kila alama kwenye kadi ile ni asubuhi uliyoamka mapema ukambeba, na muuguzi aliyechoma sindano huku mtoto anapiga mateke. Weka kadi yenyewe kwenye mfuko wa nailoni, vumbi na maji vinafuta wino.

Lakini shukrani siyo dawa ya kila kitu, na ni vibaya kumpa mama shukrani pale anapohitaji matibabu. Kulia na kubadilika moyo siku chache baada ya kujifungua ni kawaida, na mara nyingi huisha ndani ya wiki mbili. Huzuni ikipita hapo, au hulali hata mtoto akilala, au huna hamu naye, nenda kituo cha afya ukaseme. Ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri wiki zitimie; mwambie mtu aliye karibu siku hiyo hiyo, akupeleke. Anayekujibu "shukuru tu, wengine hawana watoto" hajakusikia, tafuta mwingine.

Kuna mazoea ya mtaani ambayo tayari yana kila kitu nilichosema, nayo ni bakuli la jirani: halirudi tupu. Si lazima lirudi na pilau. Zabibu zikiwa msimu, kishada kimoja. Kiangazi, ubuyu kidogo au karanga za kukaanga. Kama hakuna kitu, hata limau mbili. Lirudishe ndani ya siku mbili tatu, likikaa zaidi linageuka deni na mnaanza kukwepana. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kulibeba likiwa la plastiki na lenye mfuniko, wewe nyuma yake. La udongo au lenye chakula cha moto libebe wewe, yeye abishe hodi. Mfundishe maneno mkiwa bado nyumbani: "Shikamoo mama, bakuli lako, asante, mboga ilikuwa tamu."