Tulivyowarudisha watu kwenye gati lililotelekezwa

Bandari ikishakosa meli, wengi huiona kama kiwanja tu: wapi pajengwe ghorofa, wapi pawe maegesho. Mimi na wasanifu majengo wenzangu tulipopewa gati kuukuu tulifanyie majaribio, tulianzia majini.

Sababu ilikuwa kwenye tope. Chini ya bandari nyingi za zamani kumetuama mafuta, metali nzito na sumu ya rangi zilizopakwa meli ili zisiotwe na viumbe vya baharini. Ukipigilia nguzo, unayavuruga yote hayo. Kule De Ceuvel, karakana ya zamani ya meli mjini Amsterdam, Uholanzi, mashua kuukuu za kuishi ziliwekwa juu ya ardhi chafu bila kuchimba misingi, na mimea ikapandwa kuisafisha. Sisi tukaamua kuweka jukwaa linaloelea.

Hesabu ya kuelea ni nyepesi: jukwaa la mita za mraba 100 likizama sentimita 10 zaidi, limebeba tani 10 na ushei. Kazi ilikuwa kupwa na kujaa. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, jukwaa lingeshuka mita 3 chini ya gati, na njia ya kiti cha magurudumu haifai kuzidi mwinamo wa 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu. Hapo unahitaji daraja la mita 36! Wenzangu walipendekeza ngazi. Nilikataa, mahali asipofika mzee si pa umma, hata pakiitwa hivyo.

Lakini gati lenyewe ni refu. Badala ya kulielekeza daraja baharini, tulililaza sambamba na ukuta. Ncha ya juu ina bawaba, ya chini ina magurudumu yanayoteleza juu ya jukwaa, na hapo tuliongeza maboya kwa sababu nusu ya uzito wa daraja huangukia hapo. Jukwaa lenyewe limeshikwa kwa pete zinazopanda na kushuka kwenye reli za ukutani.

Kuogelea tulikuzuia, maana maji husafishwa kwanza. Kule Copenhagen, Denmark, walirekebisha mfumo wa majitaka kwanza, ndipo bwawa la kuogelea linaloelea bandarini, la Islands Brygge, likafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Jukwaa tulilikusudia kwa maonyesho, ila wavuvi wa ndoano ndio waliotangulia, tena walikaa darajani. Tukawaongezea vishikio vya mishipi. Kila kitu kimefungwa kwa bolti, hakuna kilichochomelewa, hivyo sasa tunalipanua daraja, na jukwaa tunalipunguza.