Siku moja ya msimamizi wa kituo: sanduku moja, uchaguzi mdogo wa wadi, Nairobi

Katika uchaguzi mkuu msimamizi wa kituo huwa na masanduku sita yenye vifuniko vya rangi sita. Uchaguzi mdogo wa wadi una sanduku moja tu, na wengi wakisikia hivyo huona ni kazi ya mchezo. Lakini mashine ya KIEMS, ile inayomtambua mpiga kura kwa alama za vidole, ni ile ile, lakiri ni zile zile, na mawakala wa wagombea huwa wakali zaidi, maana kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi, kinaweza kuamuliwa na kura za kuhesabu kwa vidole vya mikono miwili. Kenya ina wadi 1,450, nyingi zikiwa mashambani, na huko msimamizi hulilia barabara na mtandao. Nairobi ina wadi 85, na hapa kinachotusumbua ni msongamano: lango moja la shule, mikondo kadhaa (vyumba vya kupigia kura, kila kimoja na wapiga kura wake), na wapambe wa wagombea wamejipanga kuanzia kwa muuza mitumba mpaka kwa mama wa chai. Siku huenda hivi katika wadi kama Kariobangi North, iliyopiga kura tarehe 27 Novemba 2025.

Saa tisa na nusu usiku. Kituo ni darasa la shule ya msingi. Mizigo ilifika jana na imelala humu humu, polisi wakiilinda. Kabla ya chai, nahesabu: sanduku, lakiri, wino, vituturi (vibanda vya kupigia kura kwa siri), fomu, taa, kalamu, KIEMS na betri ya akiba. Kisha vitabu vya karatasi za kura. Naandika kwenye shajara ya kituo namba ya karatasi ya kwanza na ya mwisho. Kitabu kikikosekana, saa hizi msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge bado anaweza kukituma. Ukigundua saa nne asubuhi, foleni iko nje na kila wakala ana nadharia yake kuhusu kilikokwenda.

Baada ya hapo napanga chumba. Madarasa mengi yana mlango mmoja, kwa hiyo kamba hugawanya wanaoingia na wanaotoka. Meza ya KIEMS hukaa mbali na jua la dirishani, kwa sababu mwanga mkali ukipiga kioo cha kusoma vidole, mashine hukataa hata kidole kisafi. Vituturi navyo vina hila yake hapa jijini. Ukikiweka kituturi mgongo wa mpiga kura ukiwa dirishani, aliye kwenye roshani ya ghorofa jirani anaona kila kitu. Mpiga kura aelekee chumbani, ukuta uwe nyuma yake.

Saa kumi na moja alfajiri. Mawakala. Kila mmoja anaonyesha barua ya uteuzi na kiapo cha kutunza siri. Ndani anaingia mmoja kwa kila mgombea. Chama kikileta wawili, mmoja anangoja nje na wapokezane. Yule aliyekuja na simu tu bila barua, hata akiwa shemeji wa mgombea, anabaki langoni.

Saa kumi na moja na dakika arobaini. Nalipindua sanduku mbele yao juu chini, wanalichungulia, kisha nalifunga kwa lakiri. Namba ya kila lakiri nasoma kwa sauti, naandika kwenye shajara, na nawahimiza nao waandike. Wengi hawaandiki. Wale wasioandika ndio watakaokuja jioni kudai sanduku limebadilishwa, na hawatakuwa na cha kushika. Kwa maoni yangu, wakala mwenye daftari la shilingi ishirini anamfaa mgombea kuliko kumi wenye fulana zilizochapwa picha.

Saa kumi na mbili asubuhi. Tunafungua. Tukichelewa, dakika zilizopotea hurudishwa jioni, na sababu yake huandikwa.

Fanya hesabu kidogo. Sheria hairuhusu kituo kuwa na wapiga kura zaidi ya 700. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni dakika 660. Wote wakija, kila mtu ana chini ya dakika moja mbele ya mashine. Ndiyo maana karani mwepesi kuliko wote hukaa kwenye KIEMS, na karani mwenye subira kuliko wote husimama mlangoni. Huyu wa mlangoni ndiye huangalia kama mtu yuko kwenye mkondo wake, kwani anayepanga foleni ya mkondo usio wake kwa saa nzima hufika mezani akiwa amewiva kwa hasira. Pia hukagua kitambulisho: kiwe halisi, kile kile alichojisajilia. Nakala haifai, picha kwenye simu haifai, na karatasi ya kusubiria kitambulisho haifai.

Wazee, wajawazito, wagonjwa, walemavu na wenye watoto wachanga hupita mbele. Hapo ujanja haukosekani: mtoto mmoja anaweza kuazimwa na akina mama watatu. Mwaka 2017 kuna vituo vilivyoamua kupaka wino hata vidole vya watoto ili wasirudi na mama mwingine.

Saa mbili hadi saa tano. Huu ndio wakati wa vidole vinavyokataa. Fundi wa jua kali, mjenzi, mama anayefulia watu nguo: mistari ya vidole imelika au imejaa grisi. Usikimbilie kuandika fomu. Mpe kitambaa chenye unyevu afute, akaushe, abonyeze kwa wastani bila kukandamiza, kisha ajaribu kidole kingine na mkono mwingine. Futa pia kioo cha mashine kwa kitambaa laini kikavu; mara nyingi uchafu ni wa mtu aliyetangulia. Ikishindikana kabisa, karani anamtafuta kwa namba ya kitambulisho, picha yake inatokea, mawakala wanaitazama, na Fomu 32A inajazwa. Hii fomu makarani huipuuza foleni ikiwa ndefu. Lakini kesi ikifika kortini, kila aliyepiga kura bila kidole atatafutiwa fomu yake.

Karatasi inachanwa kwenye kishina, kile kipande kinachobaki kitabuni, mtu anapiga kura, anatumbukiza, anapakwa wino kidole kidogo. Akikosea kabla ya kutumbukiza, anairudisha na kupewa nyingine. Ile ya kwanza inaitwa iliyoharibika na huwekwa kwenye bahasha yake. Tofauti yake na kura iliyokataliwa itakuwa muhimu sana jioni.

Saa saba. Foleni imelegea. Makarani wanakula kwa zamu, meza haibaki tupu. Saa hizi huja wale wanaohitaji msaada. Mpiga kura asiyeona au asiyesoma anaweza kuja na mtu wake, aliyetimiza miaka 18, na huyo anajaza Fomu 32. Msaidizi husaidia mtu mmoja tu. Ukiona kijana yule yule analeta bibi wa tatu, huyo ana biashara. Asiye na mtu, namsaidia mwenyewe mbele ya mawakala.

Simu nazo huchomoka saa hizi. Anayepiga picha karatasi yake mara nyingi anatafuta ushahidi wa kumwonyesha aliyemwahidi pesa. Namzuia papo hapo na naandika tukio.

Saa kumi na moja jioni. Askari anasimama nyuma ya mtu wa mwisho. Aliye mbele yake atapiga kura hata ikifika saa moja usiku. Anayekuja mbio kutoka kwenye matatu amechelewa. Wa mwisho akimaliza, tundu la sanduku linatiwa lakiri.

Saa kumi na mbili na nusu. Kabla sanduku halijaguswa, hesabu ya karatasi. Tuseme tulipokea 650. Mashine imetambua watu 231. Karatasi moja iliharibika ikabadilishwa. Zilizobaki kitabuni lazima ziwe 418, na sandukuni tutarajie 231. Jumla ni 650. Zikitoka 230, huenda mtu ameondoka na karatasi mfukoni, andika, endelea. Zikitoka 232, simamisha kila kitu, rudia vishina, rudia shajara, na mawakala waone kila hatua. Na ikitokea kura halali zimezidi idadi ya waliosajiliwa, matokeo ya kituo kizima hayatajumuishwa.

Sanduku likifunguliwa, kila kura inainuliwa, jina linasomwa, mawakala wanaiona, inawekwa kwenye rundo lake. Ubishi huwa juu ya alama. Vema, msalaba, duara, hata dole gumba: nia ikiwa wazi, kura ni halali, ingawa alama imetoka kidogo nje ya kisanduku. Zinazokataliwa ni zile zenye alama kwa wagombea wawili, zisizo na alama, au zisizo na vitambulishi vya usalama vya tume ya uchaguzi. Mgombea au wakala anaweza kudai hesabu irudiwe, lakini isizidi mara mbili.

Saa tatu usiku. Fomu 36A, ile ya matokeo ya MCA kituoni. Kosa la kawaida hapa huletwa na uchovu: kura za Otieno zinaandikwa mstari wa Wanjiru, au jumla haifiki. Kwa hiyo najaza kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya kando, karani mwingine anajumlisha upya, ndipo kalamu iguse fomu. Kura halali 226, zilizokataliwa 5, jumla 231. Nikikata namba, natia sahihi kando ya marekebisho. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na kasoro za fomu zilikuwa miongoni mwa hoja. Sioni kwa nini fomu ya MCA ifanywe kwa dharau.

Wakala akikataa kutia sahihi, namwomba aandike sababu. Kukataa kwake hakufuti matokeo. Kila wakala anapewa nakala, na moja inabandikwa mlangoni. Mvua ya Novemba huing'oa, kwa hiyo ibandike ndani ya kibaraza, gundi pande zote nne.

Saa tano usiku. Sanduku limefungwa upya kwa lakiri mpya, namba zimeandikwa. Gari, askari, na mawakala wanaotaka kufuata nyuma. Fomu halisi husafiri kwenye bahasha iliyo mkononi mwangu, kamwe si ndani ya sanduku, maana likifungwa nayo humo litalazimika kufunguliwa mbele ya watu wote. Kwenye kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge kuna foleni nyingine, ya wasimamizi waliochoka. Petisheni ya kupinga matokeo ya MCA huwasilishwa katika mahakama ya hakimu ndani ya siku 28, kwa hiyo afisa wa kupokea akisema acha mzigo hapo tutaandika kesho, kaa kitini mpaka atie sahihi na saa ya kupokea.