Hapa hatutibu dagaa

Tangu kikao chetu madaktari cha Jumatano, cha kujadili kesi za wagonjwa, kuna sentensi moja iliyonikaa kooni, na hata mahari ya dada, iliyopokelewa Magu siku ya Jumamosi kwa vigelegele, haikuweza kuiteremsha.

Kesi yenyewe ni ya yule mtoto wa miaka mitano kutoka visiwani, aliyeletwa na bibi yake shavu la kulia likiwa limevimba hadi jicho kusukumwa juu.

"Bibi, uvimbe huu ulianza lini?"

"Giza lililopita nilikuwa ninaanika dagaa, naye akifukuza kunguru. Shavu lilikuwa sawa na hili jingine."

"Na meno kulegea?"

"Hayo yalitangulia kidogo. Nikadhani ni ya utoto yanataka kutoka."

Niliandika maneno yake kama yalivyo, na pembeni nikaongeza: chini ya mwezi mmoja. Mkubwa wetu alisoma mstari wa kwanza tu, akauliza hiyo ni tarehe gani, kisha akasema, "Daktari, hapa hatutibu dagaa." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, jambo linaloniudhi kuliko sentensi yenyewe.

Ndani ya daladala ya Buhongwa nimekwisha kumjibu kwa namna nyingi. Namwambia kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi, kwamba mwezi ukiwaka mitumbwi hupumzika, na kwamba mwanamke anayeishi kwa kuanika dagaa hawezi kukosea giza hata moja, ilhali mgonjwa anayebanwa ataje tarehe hutaja yoyote ili tumwache apumue. Namwambia pia, kwa sauti ambayo sikuwa nayo kikaoni, kwamba katika uvimbe wa taya muda ni nusu ya utambuzi. Ameloblastoma, uvimbe wa taya ambao kwa kawaida si saratani, hukua polepole kwa miaka, mara nyingi bila maumivu, na kwa kawaida humpata mtu mzima. Jipu la jino huja kwa siku chache likiwa na maumivu, na jino bovu huonekana. Uvimbe wa wiki chache kwa mtoto wa umri huu, pamoja na magego ya utoto yanayocheza wakati wake ungali mbali, katika ukanda huu wetu wa malaria, unatutaka tufikirie limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga za mwili, kabla ya kugusa koleo, kwa sababu kung'oa meno hayo hakutibu chochote, na saratani hiyo inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Burkitt mwenyewe, daktari wa upasuaji aliyeziona taya za namna hii pale hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, hakutegemea kisu peke yake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama ugonjwa huu unaonekana huko, na ramani iliyotokana na maswali hayo ikafuata joto na mvua. Sidhani kama kuna aliyemwambia kwamba hatibu mvua.

Majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe kwa uchunguzi yalirudi Ijumaa, na ni Burkitt. Mkubwa wetu hakusema lolote kuhusu dagaa. Alipiga simu mwenyewe wodi ya saratani ya watoto ili dawa zianze siku hiyohiyo, akasisitiza maji ya mshipa yawe mengi, maana seli zikifa kwa wingi hulemea figo. Leo asubuhi nilipopita wodini jicho lilikuwa limeanza kurudi mahali pake, mtoto akaniuliza kama nina biskuti, nami nikajikuta ninacheka peke yangu kwenye ngazi. Hasira imepungua. Yale majibu ya daladala bado ninayo, na baadhi yake ni mazuri mno kutupwa.

Ila mama ndiye anayenitia wasiwasi sasa. Kwenye sherehe nilimwona akitafuna upande mmoja, nyama akiipitisha kwa watoto, na nilipomkaribia alifunga mdomo na kuniuliza nitaoa lini.