Nilivyokaa na shaka yangu bila kuondoka kanisani

Shaka haikunijia kwa kishindo. Sikuamka siku moja nikasema Mungu hayupo. Niliendelea kwenda ibadani, kuimba kwaya, hata kuongoza maombi ya katikati ya wiki. Kilichobadilika ni mambo madogo ambayo mtu wa pembeni asingeyaona. Mtu akisimama kutoa ushuhuda wa kuponywa, wenzangu wakishangilia, mimi moyoni nilikuwa namhoji: vipimo vilisemaje? Na dawa je, hakumeza? Nikishika Biblia, zile aya za "ombeni, nanyi mtapewa" nilikuwa naziruka.

Kaka yangu alikuwa amefariki miezi kadhaa kabla, baada ya ugonjwa mrefu tuliouombea kwa kufunga na kukesha. Msibani niliambiwa kazi ya Mungu haina makosa, nikaitikia amina. Nadhani swali liliingia pale pale, likakaa kimya. Baadaye lilipoanza kujitokeza nililiita uchovu, kisha nikaliita majaribu ya shetani, maana ndivyo tulivyozoea kusema.

Mtu wa kwanza niliyemweleza alinishauri nifunge zaidi na kuikemea roho ya kutokuamini. Nia yake ilikuwa njema, ila nilitoka pale na shaka ile ile, safari hii na aibu juu yake. Wa pili alikuwa mama mmoja mtu mzima tuliyesali naye kanisa moja. Nilimwambia, "Mama, siku hizi nikiomba naona kama naongea na ukuta." Hakushtuka.

"Unalala, mwanangu?"

"Si sana."

"Na kula?"

Kisha akanifungulia 1 Wafalme 19, pale nabii Eliya anapoketi chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Malaika hamhubirii. Anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa ale tena, ndipo anaanza safari ya siku 40 kwenda mlima Horebu. "Maswali yako ni ya kweli," mama akaniambia, "lakini usiyajibu saa nane za usiku."

Nikaanza na hilo la kulala. Nilipopata nguvu kidogo nikachukua daftari, nikaandika kila kinachonisumbua bila kukipamba. Ndipo nikaona kwamba nilichokuwa nakiita shaka hakikuwa kitu kimoja. Mengine yalikuwa maswali ya kichwa, na hayo yanatafutiwa majibu. Kwa mfano, nilijiuliza kama habari ya Yesu kufufuka haikutungwa miaka mingi baadaye, mashahidi wakishakufa. Nikaketi na 1 Wakorintho 15. Barua hiyo Paulo aliiandika miaka ya 50 hivi, kama miaka 25 tu baada ya msalaba, na anasema habari hiyo naye aliipokea. Anamtaja Kefa, yaani Petro, anamtaja Yakobo, kisha ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao, anasema, bado wako hai. Mtunga hadithi hakuelekezi kwa watu unaoweza kwenda kuwauliza. Hilo halimalizi kila ubishi, lakini kwangu lilitosha kulifunga swali lile.

Swali la kaka yangu halikuwa la namna hiyo. Lile lilikuwa maumivu yaliyovaa nguo za swali, na hoja hazikuligusa kabisa. Lililonisaidia ni kugundua kwamba Biblia yenyewe inaruhusu kulalamika. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa shukrani mwishoni, na bado imo kwenye kitabu cha sala. Yohana Mbatizaji, aliyembatiza Yesu kwa mikono yake, akiwa gerezani alituma wanafunzi kumuuliza kama yeye ndiye, au wamtazamie mwingine. Yesu hakumkaripia. Alimpelekea habari za vipofu na viwete waliopona, kisha akamsifu mbele ya makutano. Yule baba wa Marko 9, aliyemletea Yesu mtoto wake aponywe, naye alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Nakiri aya hiyo ilinichoma kabla ya kunifariji, kwa sababu mtoto wake alipona.

Niliomba nipumzishwe kuongoza maombi. Kuhudhuria sikuacha, na nadhani huo ndio uamuzi ulioniokoa. Kulikuwa na Jumapili ambazo Imani ya Mitume, lile ungamo la imani tunalolisema pamoja ibadani, niliisikiliza tu, wengine wakiikiri pande zote mbili zangu, mimi mdomo umefungwa. Hakuna aliyenigeukia. Katika waraka mfupi wa Yuda kuna agizo la kuwahurumia walio na shaka. Nilihurumiwa hivyo na watu ambao hata hawakujua.

Kurejea kwangu kulikuwa kwa polepole, wala siwezi kutaja siku. Niligundua tu kwamba nimeanza kumwambia Mungu nimemkasirikia, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa ukuta. Swali la kaka yangu bado limo kwenye daftari bila jibu. Kuongoza maombi nimerudi, na siku nikikosa maneno yangu nasoma Zaburi ya 13, yenye aya sita tu, nikianza na ile "hata lini" yake kwa sauti, mbele ya watu wote.