Mfenesi wa babu ulipoanguka, tulitoa mbao badala ya kuni

Upepo wa masika uliuangusha mfenesi wa babu usiku wa kuamkia Jumapili, hapa kwetu Muheza. Asubuhi tuliukuta umelala na majani yake yote, mizizi imeng'oka na udongo wake ikasimama kama ukuta, mafenesi machanga yametapakaa hadi kwenye banda la kuku. Kufika saa tatu majirani wanne walishaulizia kuni, na wawili mama alishawakubalia.

Nikamwomba anipe wiki moja tu.

"Mti wa matunda huo, mwanangu. Utatoa mbao gani?"

Nikamwonyesha kabati lake la vyombo, lile jekundu-kahawia alilorithi kwa bibi. Ni mfenesi mtupu. Hakunijibu, ila siku ile hakuna aliyekuja na shoka.

Nilianza kwa mtendaji wa kijiji, maana msumeno wa mnyororo ukilia tu watu huuliza kibali kiko wapi. Kisha nikamtafuta fundi mpasuaji. Haraka yangu ilikuwa na sababu: gogo bichi likilala kwenye majimaji linaanza kuota ukungu, na fukusi hawachelewi.

Jambo lililonishtua ni kwamba mti ulioanguka haujatulia hata kidogo. Shina letu lilishikwa na matawi upande mmoja na mizizi upande wa pili, katikati likaning'inia. Fundi alikata juu kidogo, kisha akamalizia kwa kupandisha msumeno kutoka chini. Angeshuka moja kwa moja kutoka juu, mkato ungejifumba na kuubana msumeno. Kabla ya kutenga shina na mizizi alizima mashine akaniambia, "Kaka, toa wale watoto." Watoto wa jirani walikuwa wanacheza ndani ya shimo la mizizi. Niliwafukuza wakaondoka wamenuna. Shina lilipokatika, kisiki chote kiliinuka chenyewe kikarudi shimoni kwa kishindo. Mimi na fundi tulitazamana, hakuna aliyesema kitu.

Kupasua kulichukua siku mbili. Ulimbo wa mfenesi anaujua kila aliyewahi kula fenesi bila kupaka mafuta mikononi. Sasa fikiria umeingia kwenye mnyororo unaozunguka. Ilibidi tumenye magome yote kwa panga kwanza, na kila baada ya mkato fundi alisugua mnyororo kwa mafuta ya taa. Lakini ndani! Moyo wa mti ulikuwa wa njano kama binzari, na unga wake ukatugeuza sote tukawa kama maharusi waliopakwa liwa.

Kisha cheche. Msumeno ulikuta msumari ambao mama aliupigilia miaka mingi iliyopita kwa ajili ya kamba ya nguo, mti ukaumeza wote. Mnyororo mpya nililipia mimi, na ni haki, maana msumari ulikuwa wetu. Siku hizi nikiona mti wa uani nauliza kwanza kamba ya nguo ilifungwa wapi.

Tulipata mbao 9 za inchi 2 kwa 8, urefu wa futi 8. Zaidi ya nusu ya gogo iliishia kuwa mabanzi na unga, kwa sababu msumeno ule una mdomo mpana.

Siku ileile nilipaka ncha za mbao rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti, kwa kuwa maji hutokea haraka zaidi nchani na hapo ndipo ubao hupasukia. Rangi iliisha nikiwa nimebakiza mbao mbili. Nikasema hizo nitazipaka kesho. Nilizipanga zote kivulini juu ya matofali, kati yake vijiti vya inchi moja kila baada ya futi mbili, kijiti juu ya kijiti kwa mstari mmoja, na mawe juu kabisa zisije zikajipinda. Kipande kimoja kidogo nilikuwa nakipeleka dukani kukipima kwenye mizani ya sukari, nijue mbao zinavyokauka. Muuza duka alinicheka sana. Kilianza na kilo 3.9, kikashuka, kikashuka, na mwezi wa tano wa kukausha kikagoma kwenye 2.6. Hapo ndipo nikaita seremala.

Ile sehemu nyeupe ya pembeni mwa mbao, iliyokuwa karibu na gome, aliiondoa yote, tayari fukusi walishaanza kuacha unga. Nikapata meza ya watu sita na benchi, na kwenye vipande seremala akamchongea mama mbuzi ya kukunia nazi. Njano sasa inaanza kuiva kuelekea rangi ya lile kabati.

Na zile mbao mbili za kesho? Zilipasuka kutoka nchani hadi karibu na katikati. Mama alizipigia mahesabu kabla yangu. Wale majirani wawili walipata kuni zao.