Alama Tatu Kwenye Kadi

Binti yangu anaumwa sikio. Jana usiku alisoma boksi la dawa yake: "Mama, mbona kidonge kimoja kina majina mawili?" Nikamwambia amoksisilini inaua bakteria, na ile ya pili, klavulanati, inawazuia bakteria wasiiharibu amoksisilini. Akaridhika, akalala. Mimi nikabaki nikimkumbuka Mzee.

Bombo, Uganda, 2016. Kituo cha afya kilinipa kazi ya kumsimamia: vidonge vitatu kila asubuhi, kila kimoja kikiwa na dawa nne za kifua kikuu, nami naweka alama kwenye kadi. Miezi miwili hivyo, kisha minne ya dawa mbili. Mkojo ulipogeuka rangi ya chungwa nilimtuliza, ni rifampisini hiyo, mojawapo ya zile nne.

Wiki ya sita kikohozi kikaisha. Asubuhi moja akafumba kiganja. "Nimepona. Dawa nne za nini?" Ameshastaafu jeshi, lakini sauti ilikuwa ile ile ya gwaride. Maji yalitikisika kwenye kikombe cha bati nilichoshika. Alipofumbua kiganja, vidonge vilikuwa vimemwachia madoa mekundu kwa jasho. Akavirudisha mezani kimoja kimoja, akatoka kwenda kulisha kuku. Nikachukua kalamu, nikaweka alama.

Kesho yake tena. Na keshokutwa.

Siku ya nne nilimwita sista. Akaketi naye mkekani. "Afande, kifuani mna vijidudu mamilioni. Wachache isoniazidi haiwawezi. Wengine wachache, rifampisini haiwawezi. Wa kuzishinda zote mbili ni nadra mno. Ukitumia moja, wale wachache ndio watakaozaana. Ethambutoli inakaa ulinzi, iwapo mojawapo imeshindwa. Na wapo waliojificha kimya. Hao pirazinamidi ndiyo inawafuata. Kikohozi kikiisha, hao bado wapo." Akaongeza kwamba tiba hii fupi ilijaribiwa hapa hapa Afrika Mashariki miaka ya 1970, Uganda ikiwemo.

Mzee alinyamaza kitambo. "Basi wamefungiwa njia zote." Akanyoosha mkono.

Akamaliza miezi sita, makohozi yakapimwa, hayakuwa na kitu. Lakini sista nilimwambia amekataa siku ile tu. Zile tatu sikuzitaja, na kadi bado ninayo. Najiambia siku tatu hazikuharibu kitu, maana alipona. Kuna siku naamini.

Asubuhi hii, binti alipomeza, nilimwomba afungue kinywa nione.